Mzee unayemhudumia Marekani alifanya kazi kiwanda cha silaha za nyuklia? Pita hapa kabla familia haijatupa makaratasi

#1 BintiUjiji

Wakuu, habari za humu.

Nimefungua uzi huu kwa sababu maswali yananijia inboksi moja moja, na majibu ninayoyaona kwenye makundi ya WhatsApp mengi ni ya kubahatisha. Unawahusu hasa Waswahili tunaofanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani huku Marekani. Kama upo Knoxville au Oak Ridge (Tennessee), Paducah (Kentucky), Richland (Washington), Aiken (South Carolina), au kusini mwa Ohio karibu na Piketon, usishangae ukikuta mzee unayemwogesha na kumpa dawa aliwahi kufanya kazi kwenye mtambo wa silaha za nyuklia. Na usishangae ukikuta aliomba fidia zamani, akapata barua ya kukataliwa, akaitia kabatini na kunyamaza.

Sheria yenyewe, ya kuwafidia wafanyakazi wa mitambo hiyo waliougua kwa ajili ya kazi (kwa kifupi EEOICPA), ilisainiwa na Rais Clinton tarehe 30 Oktoba 2000. Kabla ya hapo mgonjwa akijitokeza, kampuni iliyokuwa ikiendesha kiwanda ilipambana naye, na gharama za kupambana naye zilirudishwa na Wizara ya Nishati. Yaani kodi ya mgonjwa ndiyo iliyokuwa ikimlipa wakili wa kumpinga.

Kuna sehemu mbili, na usipozitenganisha kichwani utapotea.

Sehemu B ni ya kansa iliyosababishwa na mionzi, ugonjwa wa mapafu wa beriliamu (metali nyepesi iliyotumika kwenye silaha hizi), na silikosisi, yaani mapafu kuharibiwa na vumbi la mawe, kwa waliochimba mahandaki ya majaribio ya mabomu Nevada na kisiwa cha Amchitka, Alaska. Ukikubaliwa unapewa dola 150,000 kwa mkupuo mmoja, na matibabu ya ugonjwa huo yanalipwa na serikali.

Sehemu E iliingizwa 2004. Hii inaangalia sumu zote za kazini: asbesto, zebaki, moshi wa kulehemu, vimiminika vya kuondolea grisi kwenye vyuma, na kadhalika. Ni ya waliokuwa chini ya makandarasi wa Wizara ya Nishati, wakubwa kwa wadogo. Hapa hakuna dau moja kwa wote. Daktari anapima mwili umepungukiwa asilimia ngapi, kila asilimia moja ni dola 2,500, na mshahara uliopotea kwa ajili ya ugonjwa unahesabiwa pembeni. Mwisho ni dola 250,000, na ukijumlisha B na E haiwezi kuvuka 400,000. Kodi ya mapato ya serikali kuu haikatwi humo.

Sasa ninachotaka mkishike. "Hapana" ya Wizara ya Kazi, ambayo ndiyo inayoamua madai haya, haiko moja. Kuna hapana ya "hatuna ushahidi kwamba ulifanya kazi hapo". Kuna hapana ya "ugonjwa wako haujathibitishwa". Kuna hapana ya "mionzi uliyopata ni kidogo". Ukiipata barua, isome hadi ujue ni hapana ipi, maana karatasi inayojibu moja haijibu nyingine. Nimeona familia inatuma vyeti vya hospitali bahasha baada ya bahasha, wakati Wizara ya Kazi ilichouliza ni kama baba aliwahi kuingia getini.

Mzee wangu mimi alikuwa K-25 hapa Oak Ridge, kile kiwanda cha kurutubisha urani kwa njia ya gesi. Vitu vyake vimo kwenye bati la biskuti: beji yenye picha akiwa na nywele zote, kadi ya chama cha wafanyakazi, vipande vya mshahara vilivyofungwa kwa mpira uliokwisha kukatika na kugandia karatasi, na picha ya timu ya mpira ya zamu yao. Hadi leo ukimuuliza alikuwa akifanya nini anakuambia "mambo ya mabomba" halafu anaangalia dirishani. Waliapishwa wasiseme. Wengi wanakufa hawajui kwamba kwa ajili ya dai hili wanaruhusiwa kueleza kazi yao, na ikiwa ni jambo la siri kweli, yanapangwa mahojiano na maofisa wenye kibali cha siri.

Ulizeni, nitajibu ninayoyajua.

#2 KobeMwendapole

Dada ahsante kwa uzi. Mimi nipo Ohio. Maswali mawili. Nani anaamua kwamba mionzi ni mingi au kidogo, ilhali mambo yenyewe ni ya miaka ya sitini? Na pili, kuna wakili ametangaza kwenye redio anasaidia hawa watu, ila anataka theluthi ya hela. Ni sawa?

#3 BintiUjiji

Mkuu Kobe, naanza na la wakili maana ni fupi. Sheria imeweka ukomo wa anachoweza kuchukua kwenye malipo ya mkupuo: asilimia 2 kwa kufungua dai, asilimia 10 kwa kupinga uamuzi uliopendekezwa. Anayetaka theluthi anavunja sheria. Na kufungua dai hakuhitaji wakili kabisa. Kuna vituo vya msaada vinavyolipwa na serikali, kimoja kiko hapa Oak Ridge, kingine Paducah, kingine Portsmouth huko kwako. Unaingia na makaratasi yako, wanakujazia fomu bure. Mfanyakazi aliye hai anajaza EE-1, mrithi anajaza EE-2, na historia ya kazi ni EE-3.

La mionzi. Dai la kansa likifika Wizara ya Kazi linapelekwa NIOSH, taasisi ya serikali ya usalama na afya kazini. Wanakusanya rekodi za beji za kupimia mionzi, vipimo vya mkojo na vipimo vya hewa ya humo ndani, halafu wanakadiria mwili ulipata kiasi gani. Wanapiga simu pia kumhoji mzee. Msaidieni kujiandaa kwa simu ile! Majengo aliyofanya kazi, ajali, siku alipopelekwa kusuguliwa bafuni kwa sababu mashine ya kupimia ililia, zamu za ziada. Beji ikisoma sifuri hawaandiki sifuri, wanaweka kiasi fulani kwa kuwa beji za zamani hazikuona mionzi midogo. Baada ya hapo programu ya kompyuta inatoa uwezekano kwamba kansa imetokana na kazi. Ukifika asilimia 50 umepita. Hesabu inachukua ukingo wa juu kabisa wa makadirio ili kumpendelea mfanyakazi, lakini bado wengi hawafiki. Kwa kansa ya mapafu sigara nayo inaingizwa kwenye hesabu.

Halafu kuna mlango wa pili ambao ndio ninaoupigia kelele. Kundi Maalumu. Ukiwa ndani yake hakuna kukadiria chochote. Bunge lenyewe liliweka sehemu nne tangu mwanzo: Paducah, Portsmouth, K-25 na Amchitka. Kwa vile viwanda vitatu unatakiwa uwe umefanya kazi siku 250 za kazi kabla ya tarehe 1 Februari 1992, kwenye kazi iliyopimwa kwa beji au inayolingana nayo, na uwe na mojawapo ya kansa 22 zilizoorodheshwa: mapafu, mifupa, figo, ini, kongosho, tumbo, utumbo mpana, matiti, kibofu cha mkojo, ubongo, damu, na nyinginezo. Kansa ya tezi dume haimo. Ya ngozi haimo. Hizo zinapita kwenye hesabu ya NIOSH.

Baadaye wafanyakazi wa maeneo mengine waliomba waingizwe na makundi mengi yakaongezwa, eneo kwa eneo na miaka kwa miaka. Ndiyo maana familia iliyokataliwa 2006 inaweza kustahili leo, bila ugonjwa kubadilika wala kazi kubadilika.

#4 Mchokonozi_Halisi

Mnaongea sheria bila kumtaja mtu aliyeibeba mgongoni. Someni habari za Joe Harding wa Paducah. Aliingia kiwandani 1952, akatolewa 1971 akiwa hajiwezi. Vidonda vya ngozi visivyopona, tumbo kukatwa karibu lote, na vitu kama kucha vikimwota viganjani na kwenye viungo. Aliandika kila kitu, vumbi la urani lililokuwa hewani hadi watu wanaacha nyayo sakafuni, kengele za hatari, kila kitu. Akafa 1980 bila kulipwa. Ripoti ya serikali iliyofuata ikalaumu sigara na nyama ya nguruwe ya kukaushwa!

Mjane wake, Clara, alikubali kaburi lifukuliwe mifupa ipimwe. Ikakutwa na urani.

Mwaka 1999 ndipo ikafichuka magazetini kwamba Paducah walikuwa wakipitisha urani iliyotumika tayari, yenye plutoniamu na neptuniamu ndani, vitu vyenye mionzi ya hatari, na wafanyakazi hawakuambiwa. Waziri wa Nishati wakati ule, Bill Richardson, akaenda kuomba radhi. Sheria ikapita mwaka uliofuata. Agosti 2001 Waziri wa Kazi Elaine Chao akafika Paducah kukabidhi hundi ya kwanza. Aliyekabidhiwa ni Clara Harding. Miaka 21 baada ya kumzika mumewe.

Kwa hiyo mtu akikuambia mpango huu ni huruma ya serikali, mwambie aende Paducah.

#5 MkweWaRichland

Niko Washington, karibu na Hanford, kule plutoniamu ya bomu la Nagasaki ilikotengenezwa. Nimeoa huku. Baba mkwe alikuwa fundi bomba, na kisa chake kitawasaidia kwa sababu kilikwama mara mbili kwa sababu mbili tofauti, kama alivyosema Binti.

Mara ya kwanza: "hatuna rekodi za ajira". Fundi bomba hakuajiriwa na kampuni kubwa. Alikuwa anatumwa na chama cha mafundi, leo kwa mkandarasi huyu, mwezi ujao kwa yule, na nusu ya makandarasi hao wamekufa kibiashara zamani. Tulichofanya ni hivi. Tuliomba taarifa ya mapato yake Hifadhi ya Jamii (Social Security), inayoonyesha mwajiri kwa mwajiri. Tukaenda kwenye ofisi ya chama, bibi mmoja wa hapo akatoa kadi za kutumwa kazini, kadi ngumu za rangi ya kaki, zimeandikwa kwa kalamu ya risasi tarehe na jina la eneo. Halafu wenzake wawili waliobaki hai wakajaza hati ya kiapo, fomu EE-4, wakieleza walikuwa naye jengo gani na mwaka gani. Taarifa ya mapato inasema nani alikulipa, haisemi ulikuwa wapi. Kadi na viapo ndivyo vinavyokuingiza getini.

Mara ya pili: kansa yake ilihesabiwa ikatoka asilimia arobaini na kitu. Mama mkwe akasema basi, Mungu hajapenda. Mimi na mke wangu tukakaa na ile barua usiku. Mzee alikuwa na kansa, sawa, lakini alikuwa pia na mapafu yaliyochoka, mashine ya oksijeni kitandani, na alikata vifuniko vya asbesto vya kuzuia joto kwenye mabomba muda mwingi wa maisha yake. Hiyo ni Sehemu E, haina habari na asilimia 50 ya mionzi! Hapo kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba kuna uwezekano usiopungua nusu kwa nusu kwamba sumu ya kazini ilichangia kwa kiasi cha maana kusababisha au kuzidisha ugonjwa.

Wizara ya Kazi ina hazina ya taarifa kwenye tovuti yake, inakuonyesha eneo, jengo, aina ya kazi na sumu zilizokuwapo. Tafuta kazi ya mzee wako, chapa kurasa, mpelekee daktari. Usimwachie ofisa wa madai peke yake aitafute.

Alikubaliwa akiwa hai. Fidia yake akaikuta.

#6 SistaWaZamu

Mkwe umegusa penyewe, ngoja niongezee la daktari maana ndipo madai mengi ya Sehemu E yanapofia na mimi nayaona kazini.

Daktari ana wagonjwa thelathini kwa siku. Ukimwambia "niandikie barua ya fidia" anakuandikia mistari miwili: mgonjwa ana ugonjwa wa mapafu, inawezekana umetokana na kazi. Barua hiyo haina kazi. Ofisa wa madai anatafuta daktari aeleze vitu kwa mpangilio: ugonjwa ni huu na umethibitishwa kwa kipimo hiki, mgonjwa alikutana na sumu hizi kwa miaka hii akifanya kazi hii, sayansi inasema sumu hizi zinaleta ugonjwa huu kwa njia hii, na kwa hiyo kwa maoni yangu uwezekano kwamba zilichangia ni angalau sawa na uwezekano kwamba hazikuchangia. Kama mzee alivuta sigara, daktari asilipite kimya. Aandike kwamba anajua alivuta, na bado asbesto ilichangia, na kwa nini. Sigara isiyotajwa ndiyo inayoua dai. Ikitajwa ikajibiwa, dai linasimama.

Kwa kansa, ombeni ripoti ya patholojia, yaani majibu ya kile kinyama kilichokatwa, si muhtasari wa siku ya kutoka hospitali. Kwa wa beriliamu kuna kipimo maalumu cha damu kinachoonyesha kama kinga ya mwili imeshajifunza kuichukia beriliamu. Mtu anaweza kuwa na damu hiyo bila kuumwa bado. Huyo halipwi mkupuo wa Sehemu B, lakini anagharamiwa uchunguzi wa mara kwa mara, na ikija kugeuka ugonjwa jina lake limo tayari.

Tena kuna uchunguzi wa afya wa bure kwa waliowahi kufanya kazi kwenye mitambo hii, unaofadhiliwa na Wizara ya Nishati. Hauhusiani na kudai. Mzee asiye na daktari wa kumsikiliza aanzie huko, atatoka na picha ya mapafu na vipimo ambavyo vitamfaa baadaye.

#7 KobeMwendapole

Dada Sista na kaka Mkwe, mmenifungua macho. Nimeshachapa uzi wote huu.

#8 KijanaWaLikasi

Jambo yenu wote. Nimesoma tangu juu na nimeshindwa kupita bila kusema.

Ile urani iliyopita mikononi mwa wazee wa Marekani wakati wa vita, sehemu kubwa ilitoka kwetu, Shinkolobwe, pale Katanga, Kongo, si mbali na Likasi nilikozaliwa. Mgodi ulikuwa wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji. Mkubwa wao, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hadi Staten Island, New York, mwaka 1940, kabla hata Wamarekani hawajamwomba. Septemba 1942 Luteni Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani akaenda ofisini kwake na biashara ikaisha kikao kile kile. Mawe ya kwetu mengine yalifika asilimia 65 ya oksidi ya urani. Migodi ya Marekani ilikuwa ikihangaika na mawe yasiyofika hata asilimia moja.

Nani aliyachimba? Nani aliyachagua kwa mkono na kuyajaza kwenye magunia? Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani 1946. Wazee wa kwetu hawakupewa beji ya kupima mionzi, hawakupewa kadi, hawakupimwa mkojo. Leo mnasema dai linasimama kwa karatasi. Karatasi ya mchimbaji wa Shinkolobwe iko wapi?

Ninauliza kwa dhati. Babu yangu anaweza kudai?

#9 Mchokonozi_Halisi

Kijana wa Likasi, ongeza na hili uone dunia ilivyo. Mawe yale yale yalisafishwa Mallinckrodt, St. Louis, na kiwanda cha Linde, Tonawanda, New York. Wafanyakazi wa viwanda hivyo wa miaka ile wameingizwa kwenye Kundi Maalumu, kwa sababu serikali imekiri haiwezi kukadiria kwa uhakika walipata mionzi kiasi gani. Mabaki ya mawe ya Kongo yalikuwa na rediamu nyingi hadi yakahifadhiwa kwenye maghala ya zege huko Fernald, Ohio, miaka na miaka.

Yaani jiwe moja. Aliyelipokea St. Louis hahitaji kuthibitisha dozi kwa kuwa hakupimwa vizuri. Aliyelitoa ardhini hakupimwa kabisa, na hana hata dirisha la kuuliza.

#10 BintiUjiji

Ndugu yangu, sitakuzungusha. Kwa sheria hii, hapana. Sheria inafuata eneo: vituo vya Wizara ya Nishati, viwanda vya makandarasi wa silaha na wauzaji wa beriliamu. Orodha ya maeneo imechapishwa. Iko ndani ya Marekani pamoja na visiwa vya Pasifiki walikofanyia majaribio ya mabomu. Shinkolobwe haimo. Uraia wa babu si hoja, hoja ni mahali.

Kuna sheria nyingine ya wachimbaji wa urani, inasimamiwa na Wizara ya Sheria. Ilikwisha muda 2024, ikafufuliwa Julai 2025 na kupanuliwa: sasa inafika kwa waliochimba hadi mwisho wa 1990, na malipo ni dola 100,000. Mchimbaji akikubaliwa huko anaweza kuja huku akaongezewa 50,000 na matibabu. Lakini nayo inataja majimbo ya Marekani. Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, wamo, na wamestahili. Katanga haimo.

#11 Mtaratibu_TZ

Kwani si Wabelgiji ndio wa kudaiwa? Kampuni ilikuwa yao, koloni lilikuwa lao. Mmarekani alinunua tu.

#12 KijanaWaLikasi

Alinunua tu? Mkubwa, Wamarekani walituma wahandisi wa jeshi kufufua mgodi uliokuwa umejaa maji. Walipanga na Wabelgiji nani mwingine asiuziwe. Mnunuzi gani anaingia shambani kwa muuzaji na kumlimia?

Wote wawili wadaiwe. Na ninajua mtaniambia hakuna mahakama. Sawa. Ila naomba kwenye uzi huu wa fidia jina la Shinkolobwe libaki limeandikwa, mtu akitafuta alikute.

#13 MamaTwins_Lou

Jamani samahani kurudisha nyuma. Mimi nipo Louisville, namhudumia bibi ambaye mumewe alifariki kwa kansa ya kongosho, alikuwa Paducah. Wana watoto watatu wakubwa, wote wana familia zao. Watoto wanasema wao ndio wenye haki kwa sababu bibi aliolewa ndoa ya pili. Wananiuliza mimi kama naelewa! Nifanyeje?

#14 BintiUjiji

Mama Twins, kwanza usiwe hakimu wa hiyo familia.

Kisheria, kwenye Sehemu B mjane ndiye wa kwanza, mradi walikuwa wameoana angalau mwaka mzima kabla ya kifo. Ndoa ya pili au ya nne haijalishi. Kuna kipengele kimoja tu: kama marehemu ana mtoto ambaye si wa huyo mjane na bado alikuwa mdogo wakati wa malipo, huyo anagawiwa. Mjane akiwa hayupo ndipo watoto wanaingia, wa umri wowote, wanagawana sawasawa. Sehemu E ni kali zaidi kwa watoto. Anahesabiwa aliyekuwa chini ya miaka 18 baba alipofariki, au chini ya 23 akiwa mwanafunzi wa muda wote (full-time), au asiyeweza kujitegemea kwa ulemavu. Mtu wa miaka 45 mwenye duka lake hamo. Hili linaleta machozi sana kwa sababu watu wanalijua wakiwa wameshasubiri miaka.

Kongosho imo kwenye zile 22 na Paducah iko kwenye Kundi Maalumu. Kama kansa iligunduliwa angalau miaka mitano baada ya kuanza kazi na siku 250 zinatimia, bibi asikae. Cheti cha ndoa, cheti cha kifo, ripoti ya kinyama, ushahidi wa ajira. Akafungue dai kituo cha Paducah, na hata kwa simu wanasaidia.

#15 SistaWaZamu

Na wewe mwenyewe, Mama Twins, chunga hili. Familia zikikuamini zitataka uwe mwakilishi rasmi wa dai. Kama saa zako za kazi zinalipwa na mpango huu huu, Wizara haikubali uwe mwakilishi, kwa sababu una maslahi. Saidia kutafuta makaratasi, mpeleke kituoni, msomee barua. Kusaini kwa niaba yake mwachie mwanawe.

Nasema hivi kwa sababu kuna kampuni za huduma za nyumbani zinazozunguka kuwaalika wazee chakula cha jioni, zinawajazia fomu papo hapo, na ghafla mzee anayetembea vizuri ana muuguzi wa saa 24. Daktari lazima amwone mzee na aandike kwa nini anahitaji saa hizo, na kibali kina muda wake, kikiisha kinaombwa upya. Ukiona saa ulizoandikiwa si ulizofanya kazi, usisaini. Wakaguzi wakija, karatasi ina jina lako.

#16 MkweWaRichland

Niongeze moja ambalo watu hawalijui hadi limewagharimu. Matibabu yanalipwa kuanzia siku dai lilipofunguliwa, si siku ugonjwa ulipoanza. Hakuna tarehe ya mwisho ya kudai, lakini kila mwezi unaokaa ukikusanya makaratasi hadi yakamilike ni bili za mwezi huo umezibeba mwenyewe. Fungua kwanza, jaza baadaye. Na barua ya uamuzi uliopendekezwa ikija mbaya, una siku 60 za kupinga na kuomba kusikilizwa. Bahasha ya Wizara ya Kazi isikae mezani bila kufunguliwa.

Pia aliyekwisha kulipwa kwa asilimia za mwili anaweza kupimwa tena baada ya miaka miwili hali ikizidi kuwa mbaya. Wazee wengi wanadhani ukishapokea hundi mlango umefungwa.

#17 OvataimuDaima

Wakuu nimekuwa msomaji tu ila hapa naona pananihusu. Sihudumii mzee. Mimi mwenyewe nipo Oak Ridge, nimeajiriwa na mkandarasi mdogo, tunabomoa majengo ya zamani na kutoa asbesto. Wengi kwenye timu yetu ni Wakongomani na Warundi. Sheria hii ni ya wazee wa zamani tu au na sisi?

#18 BintiUjiji

Na nyinyi. Sheria haikuwekewa mwaka wa mwisho kwa makandarasi wa Wizara ya Nishati kwenye vituo vyake, na kazi ya kubomoa na kusafisha imo. Naomba usije kuhitaji. Ila fanya haya kuanzia wiki hii: piga picha kila kipande cha mshahara, piga picha mkataba unaotaja jina la mkandarasi mkubwa na la mdogo, andika kwenye daftari majengo kwa namba zake na tarehe mlizoingia, weka vyeti vya mafunzo, na ukipimwa mapafu au damu kazini omba nakala yako. Wakikupa beji, waombe ripoti ya beji kila mwaka. Ukiumwa sasa hivi, dai la kawaida la kuumia kazini la jimbo lina muda wake mfupi, hilo usilisubirishe kwa ajili ya hili.

Na andika simu za wenzako wawili watatu wa timu, na za ndugu zao nyumbani. Kampuni ndogo zinafungwa, na siku moja mtu atatakiwa kuapa kwamba alikuwa na wewe kwenye jengo lile.

#19 OvataimuDaima

Nimekupata dada. Daftari nimenunua leo. Nawatafsiria wenzangu kwa Kirundi kesho wakati wa mapumziko.